Kitabu cha adhabu kiongezewe safu mbili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na walimu wenzangu, wazazi na maofisa elimu wa mkoa wetu wa Mwanza juu ya jambo ambalo limenikaa moyoni kwa miaka mingi. Kila shule yetu inapaswa kuwa na kitabu cha kuandikia adhabu ya viboko. Kanuni za mwaka 1979, zilizotungwa chini ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, zinataka kitabu hicho kionyeshe jina la mwanafunzi, kosa lake, idadi ya viboko na jina la mwalimu aliyeadhibu, kisha mkuu wa shule atie saini. Marekebisho ya mwaka 2002 yaliweka viboko visizidi 4. Ukikifungua kitabu hicho utajua mtoto alifanya nini na sisi tulimfanya nini. Hutajua kilichotokea dakika mbili kabla ya kosa, wala hutajua mtoto alipata nini, au aliepuka nini, baada ya kulitenda. Ninaomba safu hizo mbili ziongezwe, na nitaeleza sababu kwa kuanza na kosa langu mwenyewe.

Nilikuwa na mvulana wa darasa la 4, mtoto wa mvuvi, katika shule isiyo mbali na ziwa. Alikuwa akimpokonya jirani yake rula au kalamu, akigonga dawati kwa magoti, na siku nyingine akilipindua kabisa, madaftari ya wenzake yakatapakaa sakafuni. Ofisini kila mwalimu alikuwa na jibu lake: huyu alisema mtoto amelelewa na bibi, yule alisema ana kiburi cha ukoo. Mimi nilisema anataka kuonekana, na nilisema kwa uhakika kabisa, kwa sababu kila alipofanya fujo darasa zima liligeuka kumtazama. Nilikuwa nikimtoa nje akang'oe majani kando ya uzio. Mara mbili aliandikwa katika kitabu cha adhabu, na mara zote mbili safu ya kosa ilijazwa maneno matatu: utovu wa nidhamu. Kilichopaswa kunishtua mapema ni kwamba alipoambiwa atoke hakununa wala hakubisha. Alitoka upesi, kama mtu aliyefunguliwa mlango.

Nilipochoka nilichukua daftari la kawaida, nikapiga mistari na kugawa ukurasa sehemu tatu: kabla, tendo, baada. Kwa siku 10 za masomo niliandika kila tukio siku hiyo hiyo, kabla kumbukumbu haijapoa. Ninanakili hapa moja kama nilivyoliandika: "Jumanne, kipindi cha 3, Kiswahili. Kabla: wanafunzi wanasoma kwa sauti kwa kupokezana, zamu imefika dawati lililo mbele yake. Tendo: amempokonya mwenzake rula na kumpiga nayo begani. Baada: nimemtoa nje. Amerudi kipindi cha Hisabati, ametulia, amepata 8 kati ya 10." Siku ya kumi nilikuwa na matukio 14, na 11 kati ya hayo yalitokea zamu ya kusoma kwa sauti ilipokuwa imebakiza dawati moja au mawili kumfikia. Katika Hisabati hapakuwa na hata tukio moja. Mtoto yule alikuwa na kigugumizi. Alikuwa amekificha kwa kukaa kimya kwa muda mrefu, hata mimi niliyemfundisha tangu Januari sikukijua, lakini wenzake walikijua na walikuwa wakimcheka. Fimbo ilichukua sekunde chache na majani yalichukua kipindi kizima. Vyote viwili kwake vilikuwa nafuu kuliko kusimama mbele ya watoto 90 na kushindwa kulitoa neno la kwanza la aya. Kwa hiyo adhabu niliyoiona kuwa kali ndiyo iliyokuwa ikimpa alichokitafuta, na mimi ndiye niliyekuwa nikimfundisha kwamba fujo inalipa.

Wataalamu wa tabia wana msimamo mmoja ambao walimu tungefaa kuuzoea: tendo linalojirudia linamfanyia mtoto kazi fulani, na kazi hiyo haisomeki katika sura ya tendo lenyewe. Watoto wawili wanaweza kupindua dawati kwa namna ile ile, mmoja ili mwalimu amfuate na mwingine ili mwalimu amwache. Kwa kawaida kazi hizo hutajwa kuwa nne: kupata usikivu wa watu, kupata kitu au shughuli anayoitaka, kuepuka jambo linalomlemea, na hisia ya mwili ambayo tendo lenyewe huleta au kutuliza, hata kama hakuna mtu karibu. Namna za kuigundua kazi hiyo zimegawanyika katika njia tatu, na ugumu na uzito wa ushahidi wake havilingani.

Njia ya kwanza ni kuuliza wanaomjua mtoto: mzazi, mlezi, mwalimu wa mwaka uliopita, na mtoto mwenyewe. Kuna hojaji zilizotungwa kwa kazi hiyo, mojawapo ikiwa ile ya mwaka 1988 ya Mark Durand na Daniel Crimmins yenye maswali 16, manne kwa kila moja ya kazi nilizozitaja. Njia hii ni ya haraka na ni ya heshima, kwa sababu bibi wa mtoto anajua mambo ambayo mimi sitayaona darasani. Udhaifu wake ni kwamba tunajibu kwa tulichokwisha kukiamini. Mimi ningejibu kwa unyofu wote kwamba mvulana wangu anataka kuonekana.

Njia ya pili ni kutazama na kuandika, na hapo ndipo ninapotaka kukaa, kwa kuwa ndiyo iliyo mikononi mwetu bila fedha wala kibali. Daftari la sehemu tatu si ugunduzi wangu. Sidney Bijou na wenzake walieleza utaratibu huo mwaka 1968. Ni lazima uandike kinachoonekana na kusikika. "Ameonyesha dharau" ni hukumu, wala haina nafasi katika daftari. "Ameitwa jina mara mbili, hakuinua kichwa" ni taarifa. Mwaka 1985 Paul Touchette na wenzake walionyesha namna nyingine iliyo nyepesi zaidi: siku hugawanywa katika vipande vya nusu saa, na kila kipande ambacho tendo lilitokea hutiwa alama, mpaka baada ya siku kadhaa karatasi inaonyesha saa zenye msongamano na saa zilizo tupu. Sisi walimu tunayo karatasi hiyo tayari ukutani, nayo ni ratiba ya vipindi. Mwalimu anayenakili ratiba ya darasa lake na kuweka alama ndogo katika kipindi kilichokuwa na vurugu atakuwa na ramani ndani ya wiki mbili, na kazi hiyo haimchukui hata dakika tano kwa siku.

Nitaje hatari iliyomo, maana ilikaribia kunipotosha. Katika madarasa yetu karibu kila fujo hufuatwa na sauti ya mwalimu, kwa hiyo safu ya "baada" itajaa "nimemkaripia", na msomaji wa haraka atahitimisha kwamba kila mtoto mkorofi wa Mwanza anatafuta kukaripiwa. Kinachofuata tendo si lazima kiwe ndicho kinacholilisha. Dawa ni kuandika pia nyakati za utulivu: ni mara ngapi zamu ya kusoma ilimkaribia akatulia, na ni mara ngapi nilikuwa nimemgeuzia mgongo nikiandika ubaoni naye hakufanya lolote. Niliposoma kurasa zangu kwa jicho hilo, mgongo wangu haukuwa na uhusiano wowote na fujo zake.

Njia ya tatu ni kujaribu, yaani kubadili mazingira kwa makusudi na kupima tofauti. Kazi inayojulikana zaidi ni ya Brian Iwata na wenzake nchini Marekani, iliyochapishwa mwaka 1982 na kuchapishwa upya mwaka 1994. Walifanya kazi na washiriki 9 wenye ulemavu wa ukuaji waliokuwa wakijiumiza wenyewe. Kila mmoja aliwekwa katika hali mbalimbali kwa vipindi vya dakika 15: katika moja mtu mzima alijishughulisha na mambo yake na kumjali mshiriki pale tu alipojiumiza, katika nyingine alipewa kazi za kujifunza ambazo zilisitishwa akijiumiza, katika nyingine aliachwa peke yake, na katika nyingine alipewa vitu vya kuchezea na kujaliwa bila masharti. Hali iliyoongeza tendo ndiyo iliyofichua kazi yake. Mwaka 1994 Iwata na wenzake walitoa matokeo ya watu 152 waliochunguzwa kwa namna hiyo. Takriban 38 kati ya kila 100 walijiumiza ili kuepuka jambo, 26 ili kupata usikivu au kitu, na 26 wengine kwa sababu za mwili zisizohitaji mtu mwingine. Hao hawakuwa watoto wa darasa la 4 wa Ilemela, na sitaki mtu azihamishie namba hizo kwetu. Zinanitosha kwa jambo moja tu, nalo ni kwamba kauli yetu ya "anataka kuonekana" haifai kutolewa kwa mtoto yeyote kabla hajachunguzwa.

Kupima kwa namna ile ni kualika tendo makusudi, na mtoto anayegonga kichwa ukutani au kujing'ata hatakiwi kufanyiwa hivyo na mwalimu aliye peke yake. Hiyo ni kazi ya mtaalamu, daktari akiwa karibu na mzazi akiwa amekubali. Kilicho chetu ni mabadiliko madogo yasiyo na madhara. Kwa mvulana wangu nilibadili jambo moja: kipindi kile kile, kitabu kile kile, lakini kwa siku mbili darasa zima lilisoma kimya kimya. Alikaa kwa utulivu mpaka kengele. Siku ya tatu nilirudisha kusoma kwa sauti, na kabla zamu haijafika kwake rula ya jirani ilikuwa imevunjika vipande viwili. Nilijua jibu, na niliona aibu.

Tulikubaliana, yeye na mimi, kwamba akiona zamu inakaribia na haiwezi, aweke kalamu nyekundu pembeni mwa dawati, nami nitampita bila neno lolote. Wiki ya kwanza aliiweka kila siku. Wakati wa mapumziko alinisomea chini ya mwembe, sisi wawili tu. Wiki ya tatu nilimpa mwenzake wasome pamoja kwa sauti moja, jambo ambalo mara nyingi huwarahisishia matamshi watu wenye kigugumizi, na kalamu ilianza kubaki ndani ya mfuko. Muhula ule dawati lilipinduliwa mara moja tu tena, siku ambayo niliumwa na mwalimu aliyenishikia kipindi hakuwa ameelezwa habari ya kalamu. Edward Carr na Mark Durand walionyesha jambo la namna hii mwaka 1985: mtoto akifundishwa maneno yanayompatia kile kile alichokuwa akikipata kwa fujo, fujo hupungua, na akifundishwa maneno yasiyolingana na haja yake, haipungui. Ndiyo maana kutafuta kazi ya tendo si anasa ya wasomi. Kama ningeshikilia kwamba mvulana yule anataka kuonekana, ningemsifu mbele ya darasa na kumwita mbele mara nyingi zaidi, na ningemzidishia mateso.

Kuna tahadhari moja inayotangulia njia zote tatu. Katika kitengo cha watoto wenye mahitaji maalumu niliwahi kumsaidia mwenzangu kumwandikia msichana asiyesema, aliyekuwa aking'ata kiganja na kujipiga upande mmoja wa kichwa. Daftari halikuonyesha mpangilio wowote: alifanya hivyo akiwa peke yake na akiwa na watu, kwenye kazi na kwenye mchezo, siku tatu mfululizo, kisha siku nyingine kimya. Upande aliojipiga ulikuwa mmoja tu, wa kushoto. Mama yake alipomfikisha kituo cha afya, sikio la kushoto lilikutwa na usaha. Sikio, jino, tumbo, choo kigumu, kichocho ambacho watoto wa ufukweni tunakijua vizuri, haya yaangaliwe kwanza, na hasa kwa mtoto ambaye hana maneno ya kusema panapouma.

Nigusie na utoro, maana ndio kosa linalojaza vitabu vyetu katika shule za mwambao. Nilipitia daftari la mahudhurio la miezi miwili katika shule moja yenye mwalo karibu, yaani mahali wavuvi wanaposhushia na kuanika dagaa, nikaweka pembeni yake kalenda ya mwezi wa angani. Wasomaji wa ufukweni wameshaelewa. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikishapanuka wavuvi wengi hupumzika. Watoto wale wale walikosekana asubuhi za giza, wakarudi siku za mbalamwezi. Nilimuuliza mmoja wao kwa upole, akanijibu: "Mwalimu, nikija shule nashinda na njaa, nikienda kuanika napewa dagaa za kupika jioni." Tulikuwa tukimwadhibu kwa kumrudisha nyumbani akamlete mzazi, yaani tulikuwa tukimpa siku nyingine ya kwenda mwaloni. Hapo dawa haikuwa fimbo wala mawaidha kwenye paredi. Ilikuwa uji wa saa nne, na mazungumzo kati ya kamati ya shule na uongozi wa mwalo ili mwanafunzi asipokelewe kazini kabla ya saa za masomo kuisha. Uji ulianza kwa michango ya wazazi, ukakatika, ukaanza tena, na mahudhurio yalipanda na kushuka pamoja nao.

Najua majibu nitakayopewa. La kwanza ni kwamba samaki mkunje angali mbichi. Ninakubali kwamba mtoto hukunjwa mapema. Mvulana wangu alikuwa akikunjwa kila wiki, na alikuwa akikunjika kuelekea mlangoni. La pili ni kwamba kutafuta sababu ni kuhalalisha kosa. Aliyepigwa rula begani alistahili kuombwa radhi, na aliombwa, na rula iliyovunjika ililipwa. Kujua sababu hakukuondoa wajibu huo. Jibu la tatu ndilo lenye uzito, nalo ni wingi wa watoto. Mwalimu mwenye wanafunzi 90 na vipindi sita kwa siku hawezi kuwaandikia wote, na mtu anayemwagiza afanye hivyo hajawahi kushika chaki. Lakini hatuulizwi juu ya wote 90. Wanaojirudia katika kitabu cha adhabu ni wachache, na ni majina yale yale. Kwa hao tunatumia muda mwingi tayari: wa kuwaita, kuwafokea, kuwaandikia barua wazazi, kuwatafuta uani. Ninaomba sehemu ndogo tu ya muda huo ihamishiwe kwenye kuandika.

Nchini Marekani sheria ya elimu ya watoto wenye ulemavu, ilivyorekebishwa mwaka 1997, ililazimisha uchunguzi wa namna hii katika baadhi ya hatua kubwa za nidhamu dhidi ya watoto hao. Hatuhitaji kusubiri Bunge kwa ninachokiomba. Mwalimu mkuu anaweza kuchora safu mbili za ziada kwa rula, moja "Nini kilitangulia" na nyingine "Mtoto alipata au aliepuka nini", na kuagiza kwamba jina likionekana mara ya tatu katika muhula mmoja, adhabu isimame kwanza mpaka mwalimu wa darasa alete kurasa za siku 10. Kikao kimoja cha MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, kinatosha kuwafundisha walimu wa shule nzima kuandika taarifa badala ya hukumu. Maofisa elimu kata na wathibiti ubora wa shule, ambao hukagua kitabu hicho wanapotutembelea, wakianza kuuliza habari ya safu hizo mbili kama wanavyouliza habari ya saini, zitajazwa. Mimi nimeshachora za kwangu, na mwalimu mkuu wetu ameruhusu zijazwe tangu muhula huu. Hadi leo kuna maingizo 6, na katika mawili kati ya hayo mwalimu ameandika kwenye safu ya mwisho: "Sijui bado, nitaangalia tena Jumatatu."

Mwalimu wa shule ya msingi,
Ilemela, Mwanza